FREE nimeandika, kumbukumbu haishuki

Ripoti yetu ya mwisho wa mwezi ilikuwa ikikatika usiku. Asubuhi nikifungua ST22, sehemu ya SAP inayoorodhesha programu zilizokatika, nakuta kosa lile lile, TSV_TNEW_PAGE_ALLOC_FAILED: jedwali la ndani, yaani lile ambalo programu hulishika kwenye kumbukumbu, limetaka kukua na nafasi imekwisha. Programu ni ya ABAP, lugha ya SAP, ya zamani, inasoma mistari ya BSEG, jedwali la mistari ya hati za uhasibu, kampuni moja baada ya nyingine. Kila kampuni ikimalizika kuna CLEAR, amri ya kusafisha, kwa hiyo nilipoisoma mara ya kwanza sikuona tatizo.

Tatizo lilikuwa hapo hapo. Jedwali lilitangazwa kwa mtindo wa kale, likiwa na mstari wa kichwa, yaani mstari mmoja wa kazi ulio kando ya mwili wenye data, wenye jina lile lile la jedwali. Kwa jedwali la namna hiyo, CLEAR bila mabano ya mraba husafisha kichwa tu. Mwili hauguswi, na APPENDING TABLE, inayoongeza mistari iliyosomwa juu ya iliyopo, inaendelea kurundika. Matokeo hayakuharibika kwa sababu LOOP, mzunguko unaopitia mistari, ilichuja kwa BUKRS, yaani msimbo wa kampuni, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka miaka yote hiyo.

Nikaweka FREE. Yenyewe hufuta mwili na kurudisha nafasi yote, hata ile ya mwanzo ambayo CLEAR yenye mabano huibakiza. Nikapima kwa S_MEMORY_INSPECTOR, chombo cha SAP cha kuchunguza kumbukumbu, kabla na baada ya mstari ule. Kumbukumbu haikushuka!

Hapa nilihangaika siku mbili. Kumbe kulikuwa na klasi iliyopokea jedwali lile na kulihifadhi kwenye CLASS-DATA, yaani data ya klasi yenyewe, ili kulinganisha na kampuni inayofuata. ABAP ikiambiwa jedwali hili liwe sawa na lile, hainakili mwili papo hapo. Majina yote mawili hushika mwili mmoja mpaka mojawapo libadilishwe. FREE yangu iliachia mkono mmoja, wa pili ukabaki umeshika, na CLASS-DATA huishi mpaka kikao cha ndani kiishe. Nilichunguza ulinganisho ule: ulihitaji jumla tu, si mistari. Nikahifadhi jumla, jedwali nikaliondoa kwenye klasi, na safari hii kipimo kilishuka.

Kisha nikabadili usomaji uwe wa PACKAGE SIZE 10000, yaani vipande vya mistari 10000, na INTO TABLE, inayoweka kipande kipya mahali pa cha zamani, maana kwa APPENDING vipande vyote vingejikusanya tena. Ndani ya mzunguko sikuweka FREE, kwani kila kipande hufuta kilichotangulia. Kuachia nafasi na kuiomba upya kila mara ni kazi bure. Hesabu zenyewe nilizihamishia kwenye metodi, na majedwali yake huondoka metodi inapoisha.