Ofa ya shule iliyotumwa kimakosa England: kabla hamjaiachia

Ofa, yaani barua za kuwapa watoto nafasi shuleni, za sekondari hutoka tarehe 1 Machi na za msingi tarehe 16 Aprili, au siku ya kazi inayofuata kama tarehe hiyo imeangukia wikendi au sikukuu. Nyumba inafurahi, mtoto anawatangazia wenzake, kisha inaingia barua ya pili kutoka kaunsili (halmashauri ya eneo): samahani, nafasi ile ilitolewa kimakosa. Wazazi wengi tuliokulia Afrika Mashariki tunapokea na kunyamaza, maana tumezoea kwamba ofisi ikishasema imesema. Hapa haiishii hapo. (Nazungumzia England pekee, Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.)

Kanuni inayozibana kaunsili na shule inaitwa School Admissions Code, toleo la 2021. Inaruhusu ofa kufutwa kwa sababu tatu tu: ilitolewa kimakosa, mzazi hakujibu kwa muda unaofaa hata baada ya kukumbushwa, au maombi yalijazwa kwa udanganyifu. Mtoto akishaanza masomo, kosa la ofisi halitoshi tena kumwondoa. Unabaki udanganyifu peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza, na liwe kwa maandishi, ni hili: mnafuta kwa sababu ipi kati ya hizo? Familia inayoishi kwa ndugu, au iliyohama katikati ya maombi, iwe macho hapa. Barua isiyotaja wazi kwamba kosa ni la ofisi inaweza kuja kusomeka kana kwamba nyinyi ndio mlidanganya anwani. Wakidai udanganyifu, maombi lazima yaangaliwe upya, na mtoto akikataliwa mna haki ya rufaa.

Swali la pili: kosa lilikuwa wapi hasa? Huenda umbali ulipimwa kutoka anwani ya zamani, au mtoto alipewa kipaumbele cha ndugu aliye shuleni wakati ndugu huyo ameshamaliza, au shule ya dini iliingiza fomu ya ziada kwa jina la mtoto mwingine. Ombeni kigezo cha kugawa nafasi walichomweka mtoto mwanzo, walichomweka sasa, na umbali uliopimwa mara zote mbili.

La tatu ndilo wazazi wengi hawaliulizi, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Kaunsili hutoa ofa moja tu kwa kila mtoto: ile ya juu kabisa katika orodha ya shule mlizoomba ambayo anastahili. Zilizo chini yake hufutika zenyewe. Tuseme mtoto alipewa kimakosa shule mliyoiweka namba 1, na kwa haki angepata namba 2. Siku ile ile nafasi yake ya namba 2 ilikwenda kwa mtoto mwingine. Sasa namba 1 imefutwa, namba 2 imejaa, naye anapelekwa shule ambayo hamkuiandika kabisa. Andikeni: "Bila kosa hili, mtoto wetu angepewa shule gani siku ya ofa?" Jibu likiwa ni namba 2, kateni rufaa kwa shule hiyo. Jopo la rufaa halitoki shuleni wala kaunsili, na hatua yake ya kwanza ni kuangalia kama utaratibu, pamoja na ule wa kaunsili wa kugawa nafasi, ulifuatwa sawasawa. Likiona mtoto angepata nafasi kama ungefuatwa, hoja yenu ina nguvu sana. Hata kikomo cha watoto 30 kwa darasa la Reception, Year 1 na Year 2 (miaka mitatu ya mwanzo ya shule ya msingi) kina msamaha kwa mtoto anayeingizwa baadaye kwa sababu ya kosa la utaratibu katika maombi ya awali.

Rufaa kwa shule ya namba 1 yenyewe ni ngumu zaidi. Barua ya kimakosa peke yake haithibitishi kwamba mtoto alistahili, hivyo elezeni kwa nini anaihitaji shule hiyo na ambatisheni ushahidi. Rufaa ni bure, na mnapewa angalau siku 20 za shule kuiwasilisha.

Wakati mnasubiri, kubalini shule yoyote mliyopewa. Kuikubali hakupunguzi haki ya rufaa wala hakuwashushi kwenye orodha ya kusubiri, lakini mkiikataa kaunsili hailazimiki kuwatafutia nyingine. Orodha ya kusubiri hupangwa upya kwa vigezo vya shule kila jina jipya linapoingia, si kwa aliyetangulia, na lazima iwepo angalau hadi 31 Desemba. Hifadhini barua zote mbili na picha ya ukurasa wa maombi kabla haujabadilishwa. Sare yenye nembo isinunuliwe mapema. Kama imeshanunuliwa, tunzeni risiti na msitoe lebo.

Kaunsili ikikwepa kujibu, fungueni malalamiko rasmi kwao kwanza, kisha nendeni kwa Local Government and Social Care Ombudsman, ofisi huru inayochunguza malalamiko dhidi ya kaunsili, kwa kawaida ndani ya miezi 12. Shule ikiwa ni academy (shule ya umma isiyoendeshwa na kaunsili), malalamiko kuhusu jopo la rufaa hupelekwa wizara ya elimu.