Kaka, ile si kelele

Tangu Jumanne kuna maneno hayanitoki kichwani.

"Mdogo wangu, ile kelele ya mwanzo nimekukatia. Sasa imekaa safi."

Kaniambia kwa simu kaka wa Unguja, yule yule ninayemsifu hapa kila siku kwa mkusanyo wake wa rekodi za maonyesho ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Nikamuuliza, kelele gani? "Pale mwanzo kuna mzee anakohoa, halafu anamwambia mtu asogee. Inaudhi." Nikasema haya. Nikarudi kusahihisha madaftari, na mpaka leo naisikia: inaudhi, inaudhi.

Mzee yule ni baba.

Kaseti mnaijua. Taarabu ya harusi Wete, baba kaiweka radio yake chini, mbele ya wapigaji. Kwenye karatasi ya kaseti kaandika kwa peni nyekundu: HARUSI WETE USIFUTE. Hakuridhika na hayo, akavunja na vile vijimeno viwili vya mgongoni ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Kabla fidla haijaanza anakohoa, anasema, "Sogea kidogo, nisikie udi." Basi. Sina sauti yake nyingine popote.

Nilimpa kaka nakala kwa sababu ndivyo tunavyokwenda sisi tunaobadilishana rekodi. Hatuuzi. Ukitaka rekodi ya mtu, unatoa uliyonayo, na mimi nilikuwa naitaka ya Knebworth, Uingereza: tarehe 9 Agosti 1986, onyesho la mwisho la Queen wakiwa na mwimbaji wao Freddie Mercury, mtoto aliyezaliwa hapo Unguja 1946, mbele ya watu zaidi ya laki moja. Wembley ya Julai mwaka ule bendi yenyewe iliitoa kwenye albamu mwaka 1992, na Budapest iko kwenye filamu. Knebworth nzima haijatolewa rasmi, kwa hiyo tunawategemea watu walioingia na vinasa sauti vyao wakasimama katikati ya umma. Na kanuni ya kwanza ni kwamba hugusi kitu. Unaandika nani kanasa, kwa mashine gani, na nakala hii ni ya ngapi kutoka kaseti ya asili, maana kila ukinakili kaseti kwa kaseti mvumo unazidi. Unapeleka faili kamili, si MP3. Hukati, huongezi besi, husafishi. Kanuni hizi kanifundisha yeye mwenyewe!

Jumatano usiku nikaifungua Knebworth aliyonipa. Kabla ya muziki kuna miluzi, kuna watu wanazungumza, kuna mtu anacheka karibu kabisa na kinasa. Yote kayaacha. Waingereza wakipiga miluzi ni ushahidi wa onyesho, baba yangu akikohoa ni kelele. Hilo ndilo linaloniuma. Kaseti ya asili ninayo kabatini, haijapotea, lakini ile nakala yake "safi" keshaipeleka Mombasa na Maskat, na rekodi ikishatoka mikononi haikamatiki tena.

Wiki yenyewe imepita hivi hivi: shemeji kajifungua mapacha, mwalimu mkuu wetu kahamishiwa Micheweni, meli haikuja siku mbili. Mimi niko pale pale kwenye simu.

Ijumaa baada ya chakula nikaitia kaseti kwenye radio ili niinakili upya. Mama alikuwa uwani anakuna nazi. Baba akakohoa, akasema lake. Mbuzi ikanyamaza.

"Irejeshe hiyo."

Nikairejesha. Mama akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu hitma ya baba. "Mimi huyo ninayeambiwa! Nimekaa mbele ya mpiga udi na kanga yangu mpya, baba yako anataka nisogee. Sikusogea."

Miaka yote nikidhani anamwambia mtu baki. Na miaka yote nikiilaumu radio kwa udi kusikika kwa mbali! Kumbe ni mama. Tukairejesha tena, na tena, mpaka adhana ya alasiri, na kila mara yeye anaisema ile "sogea kidogo" pamoja naye, kwa sauti yake.

Basi nimeandika maelezo mapya ya faili. Kaseti ya asili, harusi, Wete. Radio ilikuwa chini, mbele ya wapigaji. Haijakatwa kitu. Anayesema mwanzoni ndiye aliyerekodi. Udi uko mbali kwa sababu mkewe alikaa mbele na hakusogea. Nimempelekea kaka wa Unguja pamoja na wale wa Mombasa na Maskat, nikawaomba waifute ile nyingine. Wa Maskat kajibu usiku ule ule kwamba keshaifuta. Kaka wa Unguja kasoma, tiki mbili za buluu zile pale, hajasema kitu.

Sasa kinachoninyima usingizi ni karafuu. Tumeanika majamvi matatu tangu juzi, bado hazijakauka, na upande wa Mkoani mawingu yamefunga. Zikirowa zinaharibika, na bei ya karafuu zilizoharibika mnaijua. Wa kusaidia kuanua alikuwa shemeji, naye bado yuko hospitali na wanawe. Kesho nina vipindi mpaka saa saba, na mvua ikishuka nikiwa skuli, mama na goti lile hawahi hata jamvi moja.