Mimi ni mashoto: nilivyochagua shotigani ya pampu na kuirekebisha ikanikaa

Mimi ni mashoto. Kalamu naishika kwa kushoto, kisu kwa kushoto, na kitako cha bunduki hukaa bega la kushoto. Miaka miwili ya mwanzo uwanja wa shabaha nilitumia shotigani za kuazima, zote za pampu, yaani unavuta mshikio wa mbele nyuma na mbele kuingiza risasi, na nilikuwa nakosa visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kama shabaha, ambavyo watu waliojifunza nyuma yangu walikuwa wanavivunja. Nikadhani ni macho. Nikaenda kupima, nikaambiwa macho ni mazima. Hapo ndipo nilipoanza kuitazama bunduki yenyewe badala ya kujilaumu.

Nilianza na Remington 870, maana ndiyo iliyokuwa mikononi mwa wengi. Imekuwepo tangu 1950, na zimetengenezwa zaidi ya milioni 10. Mwili wake umechongwa katika chuma kigumu, na ukivuta mshikio wa mbele kuja nyuma unateleza kama droo iliyopakwa nta. Kwa ulaini wa kukoki, naipenda mpaka leo. Lakini kitufe chake cha usalama kimepita upande hadi upande nyuma ya triga, na ili upige lazima ukisukume kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa mtu wa mkono wa kulia, kidole cha shahada kinakikuta pale pale. Mimi kidole changu kiko upande wa pili. Ilinibidi niachie mshiko kidogo nikitafute, na kisahani hakikusubiri hata mara moja. Zipo 870 zilizotengenezwa kwa ajili ya mashoto, na vipo vitufe vilivyogeuzwa ambavyo fundi anaweza kuvifunga, ila hiyo niliyoazima haikuwa yangu kuichokonoa.

Mossberg 500, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina usalama juu ya mgongo wa bunduki, mahali kidole gumba kinapotua chenyewe. Ukiwa mashoto au wa kulia, ni mamoja. Mwili wake ni alumini, kwa hiyo ni nyepesi kidogo mkononi. Watu wengine huidharau kwa sababu hiyo, na nadhani wanaionea: bolti, kile kipande kinachoziba nyuma ya risasi, hujifunga kwenye chuma cha mtutu, si kwenye alumini, hivyo shindo la risasi linabebwa na chuma. Mshikio wake unacheza na kugongagonga ukiutikisa, hilo ni kweli, na haujawahi kunizuia kukoki. Kitu kingine nilichokipenda ni ule ulimi wa kupandisha risasi. Kwenye Mossberg unabaki juu, njia ya magazini, lile bomba la kuwekea risasi chini ya mtutu, iko wazi. Kwenye 870 unakaa chini, kila risasi unayoingiza unausukuma kwa kidole gumba, na siku ya baridi utaujua.

Zote mbili, hata hivyo, hutupa maganda upande wa kulia. Kwa mashoto maana yake ganda linarukia upande ule ule wa uso wako. Ndiyo sababu nilijaribu pia Ithaca 37 na Browning BPS, ambazo huingizia risasi chini na kuangushia maganda hapo hapo chini. Ithaca ilianza 1937, ndiko jina lake lilikotoka, na ile niliyoishika ilikuwa nyepesi kiasi cha kupiga teke bega vibaya. BPS ya 1977 ilionekana kama imetengenezwa kwa ajili yangu: maganda chini, usalama mgongoni. Lakini ni nzito, na baada ya visahani hamsini mkono wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka. Halafu risasi ikikwama, mlango uko chini, huoni kinachoendelea mpaka uigeuze. Kuhusu maganda ya kulia, niligundua kuwa hofu ilikuwa kubwa kuliko jambo lenyewe. Yanaruka mbele ya uso, hayaji usoni, na miwani ya kinga ni lazima kwa kila mtu hata hivyo.

Nikanunua Mossberg 500 ya geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu. Na kosa langu kubwa likaja wiki ile ile.

Niliona picha za bunduki zenye kitako cha mshiko wima kama wa bastola, nikavutiwa, nikafungiwa. Siku ya kwanza uwanjani nikagundua kwamba kiganja kikishuka kwenye ule mshiko, kidole gumba hakifiki tena mgongoni kwenye usalama. Nilikuwa nimelipa pesa kuondoa kitu kile kile kilichonifanya niichague. Nikarudisha kitako cha awali.

Mwalimu wetu wa shabaha, mzee asiyependa maneno mengi, aliniona nafungua zile skrubu, akaniita.

"Mwanangu, umepima kabla hujabadilisha?"

"Kupima nini, mwalimu?"

Akanifanya nivute mshikio nyuma, nitazame chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa macho, kisha niingize kidole nihakikishe haina kitu, na yeye akatazama tena. Halafu akasema, "Elekeza ukutani kule kusiko na mtu. Funga macho. Ipandishe begani kama kisahani kinaruka. Sasa fumbua."

Nikafumbua. Sikuona ncha ya mtutu. Niliona mgongo wa bunduki tu, mweusi, umejaa jicho zima. Akaniambia nifanye tena mara tano, na mara tano ikawa vile vile. Kumbe kila nilipopiga nilikuwa nainua shavu kutoka kwenye kitako ili nione mbele, bila kujijua. Shotigani haina kionea cha nyuma kama raifo; kionea cha nyuma ni jicho lako. Jicho likipanda, marisau, zile punje ndogo zilizomo ndani ya risasi, yanapanda.

Tukatundika karatasi kubwa mita 15, nikapiga mara tano kwenye alama moja bila kulenga taratibu. Kitovu cha marisau kilikuwa kama sentimita 20 juu ya alama. Visahani vyote vile vilivyonipita, nilikuwa navipiga juu.

Marekebisho yenyewe hayakuwa na fahari yoyote. Kwanza urefu: kutoka triga hadi mwisho wa kitako ilikuwa kama sentimita 35 na nusu, kipimo cha kawaida, nami nina mikono mifupi. Kitako kilikuwa kinanasa nguo kwapani kila ninapokipandisha. Nikatafuta kitako chenye vipande vinavyotolewa na kuongezwa, nikakishusha hadi 34, na mwisho wake nikaweka mto laini wa mpira wa kupunguza teke. Kisha shavu, lililokuwa halina cha kulalia kwa juu kiasi cha jicho kuona mbele bila mimi kuliinua. Nikabandika vipande vya sponji ngumu vya milimita 3 kimoja kimoja, nikipiga karatasi baada ya kila kimoja. Kila kipande kilipandisha marisau karibu sentimita 4 na nusu kwa umbali ule. Vipande viwili, shavu likalala, jicho likaona chembe ya shaba ya mbele imekaa juu ya reli, ule ukanda wa juu ya mtutu, kama jua linalochomoza. Nikaongeza cha tatu, ikawa juu tena. Nikakitoa.

La mwisho lilikuwa choki, lile bomba dogo linalofungwa ndani ya mdomo wa mtutu kuyabana marisau yasitawanyike upesi. Nilikuwa natumia choki kali kabisa nikiamini ndiyo ya wajuzi. Choki ya namna hiyo huweka kama asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 hivi. Visahani vyangu nilikuwa navipiga mita 20, na hapo fungu la marisau linakuwa dogo mno. Nikahamia choki nyepesi, ile ya karibu asilimia 50. Angalia tu bomba ni la mtutu wako, maana nyuzi za kulikazia hutofautiana kati ya watengenezaji, paka mafuta kidogo, na usipige kamwe likiwa halimo, utaharibu nyuzi. Marisau ya chuma nayo usiyapitishe kwenye choki kali.

Kabla ya kugusa mtutu au idadi ya risasi kwenye magazini, waulize wanaotoa leseni. Mtutu ukikatwa chini ya kiwango ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na kwa wawindaji wa ndege wanaohama, Marekani kwa mfano inataka bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu, ndiyo sababu magazini huwekewa kijiti cha mbao ndani.

Jumamosi iliyofuata nilivunja visahani 17 kati ya 25. Kabla ya hapo sikuwahi kufika 10. Mwalimu alipita nyuma yangu, akagusa ile sponji niliyoibandika kwa gundi ya kawaida, imeanza kubanduka pembeni, akasema, "Hiyo usiitoe." Nimeizungushia utepe mweusi, bado ipo.