Nyumba ya Uani ya Mama: Nilivyopata Kibali na Kujenga California

Mama alipokuja kutoka Tanga mwaka 2021, magoti yalikuwa yameshamchosha. Nyumba yetu iko nje kidogo ya Sacramento, vyumba vya kulala vyote viko juu, na ngazi ni kumi na nne. Kila usiku nilimsikia akipanda: hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Mke wangu ndiye aliyelisema kwanza: "Baba Salma, kwani hatuwezi kumjengea mama uani?"

Kwetu hilo halina mjadala. Uani ndiko anakoishi bibi, shangazi, mpangaji, kijana aliyemaliza shule. Huku California niliamini ni marufuku, na kwa miaka mingi ilikuwa karibu na hivyo, maana kila mji ulikuwa na masharti yake na mengi yaliwekwa ili ushindwe. Kilichogeuza mambo ni sheria za jimbo lenyewe. Oktoba 2019 Gavana Gavin Newsom alitia saini miswada kadhaa, ikiwemo AB 68, AB 881 na SB 13, na tarehe 1 Januari 2020 ikaanza kutumika. Kwa lugha nyepesi, jimbo liliiambia miji yake: mwenye nyumba akitaka kujenga nyumba ndogo ya pili kiwanjani kwake, ile wanayoiita ADU, na ramani ikatimiza vipimo, mpeni kibali ndani ya siku 60 tangu ombi likamilike, wala msiitishe kikao cha majirani kuuliza nani anapenda na nani hapendi. Nyumba ya hadi futi za mraba 800, isiyozidi futi 16 kwenda juu, iliyoachwa futi 4 kutoka mpaka wa nyuma na wa pembeni, mji hauna ruhusa ya kuikataa kwa masharti yake ya ukubwa. Sharti la ukubwa wa chini wa kiwanja nalo likafutwa.

Hili la mwisho ndilo lililoniokoa. Nilipofika kaunta ya ofisi ya vibali ya mji wetu mwanzoni mwa 2022, kijana wa pale, mwenye adabu kabisa, alinipa karatasi ya masharti. Kiwanja kisipungue futi za mraba 6,000. Changu ni 5,200. "Samahani, mzee," ndivyo sauti yake ilivyonifikia, ingawa alisema kwa Kiingereza. Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea. Usiku ule nilikaa mezani nikasoma kifungu chenyewe, 65852.2 cha sheria za serikali ya jimbo, neno kwa neno, kamusi pembeni. Kinasema waziwazi kwamba sheria ndogo ya mji isiyolingana na kifungu hicho ni batili. Nikakichapisha, nikapaka wino wa njano kwenye mistari mitatu, nikarudi kaunta baada ya siku mbili.

Sikwenda kugombana. Nilimwambia: "Naomba umwoneshe mkubwa wako mistari hii, mimi nitasubiri." Nilisubiri dakika arobaini kwenye kiti cha plastiki. Aliporudi alichukua ramani zangu, akapiga muhuri wa kupokea. Karatasi ile ilikuwa ya zamani, hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Ninajiuliza ni wangapi waliopewa karatasi hiyo kabla yangu wakaondoka zao moja kwa moja. Kibali kilitoka siku ya 52.

Ukubwa nao niliuchagua kwa hesabu. Nyumba iliyo chini ya futi za mraba 750 haitozwi ada za mji za barabara na bustani. Iliyo chini ya 500 haidaiwi hata ada ya ujenzi wa shule. Nikaagiza ramani ya futi 480, kama mita za mraba 45: chumba kimoja, jiko, choo chenye bafu lisilo na kizingiti. Ila sola sikuikwepa. Nyumba mpya inayosimama peke yake kwa kawaida lazima iwekewe paneli, hiyo ni kanuni ya nishati ya jimbo tangu 2020, basi uliza mapema na uipange kwenye bajeti.

Kwa mkandarasi ndiko nilikotaka kuponzeka. Wa kwanza alitaka asilimia 30 ya dola 145,000 kabla ya kuchimba hata shimo moja. Nilikuwa tayari kutoa, kwa sababu nilimpenda na alikuwa na haraka. Kaka yangu mmoja wa Bukavu, anayefanya kazi ya kufunga kuta za jasi, alinishika mkono: "Ndugu, usitoe. Sheria ya hapa hairuhusu." Kweli. Kwa kazi ya nyumba ya mtu, kianzio hakizidi asilimia 10 ya mkataba au dola 1,000, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Yaani kwangu ni dola 1,000 tu! Baada ya hapo unalipa kwa kazi iliyokwisha fanyika. Nilipomtajia, hakupokea simu tena. Wa pili nilimtafuta kwa namba ya leseni kwenye orodha ya bodi ya jimbo inayosimamia wakandarasi, nikaona leseni ni hai, na yeye mwenyewe aliandika dola 1,000 bila kuulizwa.

Jambo lililonitia hofu kuliko yote lilikuja kwa posta, wiki ya pili baada ya kumwaga zege la msingi. Bahasha inayopokelewa kwa saini, kutoka ghala la mbao nisilolijua hata mlango. Ndani wameandika kwamba hata kama nimemlipa mkandarasi wangu senti zote, wao wasipolipwa wanaweza kuweka dai juu ya nyumba yangu, na nyumba inaweza kuuzwa. Mke wangu aliisoma mara tatu. Kwetu mbao na nondo unanunua mwenyewe, unafungia stoo, fundi unamlipa kila Jumamosi. Mwenye duka anakudai wewe au hakudai. Huku mkandarasi ndiye anayekopa, na nyumba yako ndiyo dhamana.

Nilichojifunza ni kwamba barua ile si ubaya. Sheria inamtaka muuzaji aitume ndani ya siku 20 tangu alete mali, la sivyo anapunguza haki yake. Kwa hiyo kila bahasha iliniambia ni nani wa kumwangalia. Nikafungua daftari: ghala la mbao, wa zege, fundi bomba, wa bati. Kila awamu ya malipo nilidai fomu ya kuachilia dai iliyosainiwa na kila mmoja wao, yaani karatasi ya kusema hataidai tena nyumba yangu kwa malipo hayo: ile yenye masharti, inayosimama hundi ikipita tu, wakati natoa hundi, na isiyo na masharti hundi ikishapita benki. Kwa ghala la mbao niliandika hundi kwa majina mawili, la mkandarasi na la ghala, wasaini wote. Mkandarasi hakukasirika. Alisema wateja wake wengi hawaulizi.

Mkaguzi wa mwisho alisaini kadi Mei 2023. Siku nne baadaye nilisajili taarifa ya kumaliza ujenzi kwenye ofisi ya kaunti. Una siku 15 tu za kufanya hivyo, na ina faida: wauzaji na mafundi wadogo wanabaki na siku 30 za kuweka dai badala ya 90. Nilizihesabu siku hizo moja moja. Mama alikuwa ameshahamia, ameshapanda mchaichai karibu na mlango.

Wengi hapa wameniomba ile nakala yenye wino wa njano. Nawapa, lakini namba imebadilika: tangu Machi 2024 vifungu hivyo vimehamishiwa 66310 hadi 66342. Chapisha kipya, usiende kaunta na changu.