Picha za Bahari Tanga: Ushauri Wenu Kaeni Nao, Mie Nina Kandambili

Kila nikisema napiga picha za pwani, lazima apatikane mtu wa kunifundisha. Amka mapema, ataniambia, uiwahi ile saa nzima ya mwanga wa dhahabu baada ya jua kuchomoza, utulie, picha zitakuja zenyewe. Saa nzima ya wapi? Hayo mafunzo yametolewa na watu wa Norway na Uingereza, ambako jua linachomoza kwa mshazari na kutambaa taratibu kando ya upeo. Tanga tupo kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Hapa jua linapanda wima. Tangu linapochungulia hadi mwanga unapogeuka mweupe ni kama dakika 25, na aliyekuwa bado anahangaika na zipu ya begi ndiyo imetoka hiyo. Jioni ni vivyo hivyo: ukienda kuswali magharibi na kurudi, unakuta giza.

Kwa hiyo mie silifukuzii jua. Nafuata maji.

Hili hakunifundisha mtu wa kamera, nililichukua kwa wavuvi, ambao wote wanalijua na hawaoni kama ni elimu. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, bahari yetu ina ratiba: saa kumi alfajiri maji yamejaa, saa nne asubuhi yamekupwa, saa kumi alasiri yamejaa tena, saa nne usiku yamekupwa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ratiba inageuka, saa nne ndiyo kujaa na saa kumi ndiyo kupwa. Kila siku inasogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Tofauti ya kujaa na kupwa kwenye bamvua inapita mita tatu, kwa hiyo uliposimama asubuhi ukalowa magoti, saa chache baadaye unapita na viatu vya msikitini.

Sasa piga hesabu. Bamvua, saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza na maji yapo njiani kutoka. Mchanga uliolowa unabaki unang'aa, mbingu yote imelala chini, nyekundu juu na nyekundu miguuni. Siku za maji mafu, saa hiyohiyo maji yanaingia, mchanga wa mbele yako ni mkavu na una nyayo za mbwa. Jua ni lilelile, ufuko ni uleule, picha ni mbili tofauti kabisa. Wapiga picha wanaokuja kutoka Dar na basi la jioni, waja leo waondoka leo, hawaulizi mwezi una siku ngapi. Wanarudi wanasema Tanga haina mvuto.

Picha niliyoitaka mie ilikuwa ya mikoko upande wa Sahare. Si mikoko kwa mbali kama ukuta wa kijani, hiyo kila mtu anayo. Nilitaka maji yanapotoka katikati ya mizizi alfajiri, kamera ikiwa wazi sekunde kumi au zaidi, yale maji yalainike yawe moshi na mizizi ibaki imesimama. Kamera ninayo, ya mtumba, na tripodi, kile kigoda cha miguu mitatu cha kusimamishia kamera, niliinunua Kariakoo kwa laki na kitu, nyepesi kupita kiasi lakini inasimama. Inasimama sakafuni, nataka kusema. Kwenye tope la mikoko inazama. Si kwa kishindo ukaiona, inazama polepole wakati kamera imeshafunguka, na picha inatoka mizizi yote ina vivuli viwili.

Hapo nikaanza kugawiwa ushauri. Mmoja akasema ining'inizie begi zito katikati, nikafanya, ikazama haraka zaidi, tena kwa heshima. Mwingine akasema nichimbe mpaka nipate chini pagumu. Nikashindilia mguu mmoja wa tripodi hadi nusu, tope likakubali tu, halafu likagoma kuurudisha. Mwingine, huyu ana wafuasi wengi mtandaoni, akanijibu kwa upole kwamba nipandishe ISO, yaani ile namba ya kuifanya kamera iwe nyepesi kushika mwanga, nipige kwa mkono. Sekunde kumi, kwa mkono!

Siku niliyofanikiwa alikuwepo mzee mmoja anachimba chambo, ameinama, jembe fupi mkononi, ndoo ya rangi pembeni. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Wapigani hapa, tope?"

"Mizizi, mzee. Lakini kigoda changu hiki kinazama."

Akaitazama tripodi, akatazama miguu yangu. "Na weye mbona huzami?"

Nilikuwa nimevaa kandambili. Basi sikumjibu, nilicheka peke yangu. Nikazivua. Kandambili ukiing'oa mkanda inabaki na tundu tatu, na lile la mbele, la kidoleni, ndilo lenye bahati: ukilipanua kidogo kwa kisu, kiguu cha raba cha tripodi kinaingia kikakaba, hakitoki mpaka ukivute kwa makusudi. Unyayo wote wa kandambili unalala juu ya tope, uzito unatawanyika, kitu kinatulia. Nikafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli kwa usalama.

Tatizo ni kwamba tripodi ina miguu mitatu, na Mungu alimuumba binadamu na miwili.

"Ya tatu iko pale," mzee akasema bila kuinua kichwa, akanionesha kwa jembe ule mstari wa takataka ambao maji huuacha yanapofika mwisho. Na kweli, pale kandambili moja moja ni tele, bahari haijawahi kuleta jozi. Nikaokota ya kijani, ya mtoto, ina picha ya samaki. Nikaitoboa, nikaivika mguu wa tatu, nikaanza kazi nikiwa peku.

Kuhusu kuwa peku: kwenye mizizi ya mikoko kuna chaza wamejibandika, na kingo zao ni wembe. Nimechanjwa unyayo mahali pawili na sikusikia hadi nilipofika nyumbani nikaweka miguu kwenye maji ya chumvi. Nenda na raba kuukuu za kufunga kamba. Picha lakini imetoka. Mizizi ya mchu, ile aina ya mkoko, iliyochomoza juu ya tope kila mmoja una ncha kali, na maji yanapita katikati yake laini, huwezi kuona tone. Zile kandambili ninazo bado, mbili za bluu na moja ya samaki, nimeziandika jina kwa maka pen kwa sababu pale nyumbani kuna watu wakikosa za kwendea chooni hawachagui.

Mvua nayo. Nilikuwa nikiona wingu natafuta bodaboda, siku hizi natafuta nafasi. Kusi likivuma, manyunyu yanatoka baharini kuja bara, na ukisimama Raskazone unayaona yanakuja yakiwa pazia, bado yako mbali. Jioni, jua likiwa nyuma yako upande wa Usambara na ile mvua ikiwa mbele yako baharini, geuza mgongo kwa jua usubiri upinde. Mchana usijisumbue, jua likipita nyuzi 42 juu ya upeo upinde haupo kwa mtu aliyesimama ufukweni. Na ukiuona baharini jioni ya kusi, piga haraka, maana mara nyingi ile mvua inakuja kwako wewe.

Ya kufunikia kamera: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, watu wananiuliza natumia nini. Mfuko wa mkate. Unakata pembe moja, lenzi inatokea hapo, unakaba kwa mpira wa kufungia noti, upande wa wazi unaingiza mikono. Bei yake ni mkate, na mkate umekula. Adui mkubwa hata hivyo si mvua, ni ule ukungu wa chumvi unaorushwa na upepo. Hauonekani, lakini baada ya nusu saa picha zote zina utusitusi. Usifute kwa kanga kavu, zile chembe zinakwaruza kioo. Kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji yasiyo na chumvi kwanza, halafu kikavu. Mie nabeba chupa ndogo ya maji ya bomba, na wananiuliza kama nimefunga.

Halafu lile la kwamba mchana ficha kamera. Nalo silikubali lote. Kwa nyuso za watu ni kweli, jua la utosini linawachimbia macho. Ila rangi ya maji mafupi juu ya mchanga, ule ukijani wake, inatoka vizuri jua likiwa juu, kwa sababu mwanga unaingia ndani ya maji badala ya kuteleza juu yake. Bamvua, saa nne asubuhi, maji yamekupwa, kina mama wapo kwenye mashamba ya mwani, kamba na vigingi vinaonekana hadi chini. Kile kioo cheusi cha kuzungusha mbele ya lenzi, cha kukata mng'ao wa maji, kama unacho, hapa ndipo kinapolipa hela yake. Omba ruhusa kwanza, usiwapige kwa kuvizia. Mie niliambiwa nisaidie kubeba gunia kwanza, nikabeba. Mwani mbichi ni mzito ajabu. Na bandarini usielekeze kamera bila kibali, hilo sina haja ya kueleza sana.

Usiku ni wa dagaa. Wanavua kwa taa, kwa hiyo wanatoka kwenye giza la mwezi. Ukiwa mpevu, samaki hawajali taa na boti nyingi zinalala pwani. Ukitaka ule mstari wa taa kwenye upeo, nenda mwezi ukiwa umefichwa. Hapa tena nitatofautiana na wanaosema acha kamera wazi nusu dakika: boti inayumba, taa inageuka mchirizi. Sekunde nne kwangu zinatosha, tano zikizidi, na ISO ipande inavyotaka. Chengachenga kidogo kwenye giza hazijawahi kumzuia mtu kununua picha, na hiyo ya taa za dagaa ndiyo niliyoiuza mara nyingi kuliko ya mikoko iliyonichana miguu.