Tanga la Matondoni

Tanga lilitoka Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, juu ya punda, limekunjwa, linanuka samaki na sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo. Ilikuwa Januari 2019 na kaskazi ilikuwa imeshika. Miezi minne nyuma, Septemba 2018, jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa taka za plastiki na kuvikwa vipande vya champali, lilishushwa majini hapa Lamu. Tangu siku hiyo kila aliyeagiza kazi ya sanaa aliitaka ya champali. Sisi tulikuwa watatu, na tulikuwa tumepewa ukuta mmoja wa ukumbi, mtaa wa Langoni, tuufunike. Champali tulizikataa. Tuliazimia kuchora mikoko kwa mikoko yenyewe.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii, na rangi yake haidai mti mzima. Magome tuliyaokota chini, pale boriti zilipokuwa zikiambuliwa kabla ya kuezekewa. Mkoko ulio hai haufai kuguswa: ukiuambua kuzunguka shina lote umeuua, kwa sababu chakula kitokacho majanini hupita kwenye gome, na gome likikatika mizizi inakufa njaa.

Tulikata kipande cha mita 3 kwa 2, maradufu, kile kitambaa kizito cha matanga, ya pamba. Kwanza tulichoma uzi mmoja. Pamba huacha jivu laini; ukiona umeyeyuka ukawa kidonge kigumu, hiyo ni plastiki, na usijisumbue nayo. Uzi wetu ulikuwa wa pamba. Fundi wa matanga aliyetuuzia alilamba upindo wa kitambaa akatema.

“Lina munyu hili. Likosheni.”

“Tumelikosha, ami.”

“Mara ngapi?”

Mara moja, tena kwa maji ya kisima cha uani, ambayo yenyewe yana chumvichumvi. Tulilianika likakauka kau, tukalilaza ukumbini, na asubuhi tukalikuta limelowa, wala mvua haikunyesha. Chumvi iliyobaki ndani ya nyuzi huvuta unyevu wa hewa ya usiku. Ukipaka rangi juu yake, rangi inakaa juu juu, na chumvi ikikauka tena inageuka chembe na kuisukuma nje. Ilitubidi tununue madumu ya maji ya Shela, yale matamu yanayokaa chini ya vilima vya mchanga, na tuliloweke usiku tatu, kila usiku maji mapya. Kipimo kilikuwa ulimi. Maji ya usiku wa tatu hayakuwa na ladha yoyote ila ya tanga.

Tanga kavu lilipata kilo 3 hivi. Kwa hiyo magome kilo 6, yaliyopondwa, ndani ya nusu ya pipa yenye maji lita 60. Yalichemka saa mbili kwa moto wa wastani, tukayachuja, tukalitia tanga likiwa bado bichi ili rangi ienee sawa, na tukaligeuza kila mara mpaka jua likazama. Mkunjo usiogeuzwa unaacha mistari, na mistari hiyo haitoki. Likalala humo usiku kucha, kesho yake juani, halafu pipani tena. Mara ya kwanza lilitoka rangi ya chai ya maziwa. Mara ya tatu lilikuwa jekundu la matofali. Mishono ya zamani, ambako kitambaa kimekaa viwili viwili, ilibaki imeiva kuliko kwingine, na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote tulizochora.

Nyeupe ilikuwa chokaa. Tuliipaka nzito, tukalikunja tanga, ikapasuka yote. Chokaa haipindi. Tuliipangusa tukaanza upya kwa chokaa nyepesi kama maziwa, mipako mitatu, na tanga halikukunjwa tena.

Nyeusi ilitoka kwenye misumari. Mashua iliyovunjwa huko huko Matondoni ilikuwa imeacha misumari iliyoliwa na kutu. Tukatia kama kilo moja kwenye siki lita 2, tukafunika kwa kitambaa, tukaisahau wiki nzima. Yalitoka maji ya rangi ya chai chafu. Ukiyachovya brashi na kuvuta mstari juu ya tanga jekundu, huoni kitu ila ubichi. Hesabu moja, mbili, tatu. Mstari unakuwa kijivu, kisha samawati ya wino, na ukifika kumi umekwisha kuwa mweusi kama masizi. Chuma kilichoyeyuka kimekutana na ile tanini ya magome, ile inayokausha ulimi ukitafuna gome. Mara ya kwanza tulisimama watatu tukiangalia mstari mmoja tu.

Na hapo ndipo tulipolewa. Maji hayo yalitakiwa yazimuliwe, kikombe kimoja kwa ishirini vya maji, na kazi ikikauka isuuzwe, kisha ipitishwe kwenye maji hafifu ya chokaa kuua ukali. Sisi tuliyatumia matupu, mipako mitatu, mizizi yote ya mikoko kutoka upindo hadi upindo, bila kusuuza. Weusi ulikuwa wa ajabu. Tukaupenda.

Kaskazi iliyofuata mizizi ilianza kukatika. Siki na chuma kilichozidi huila pamba polepole. Kila palipokuwa peusi palikuwa pakavu kama jani, ukigusa panamomonyoka. Ukuta ulionekana kupitia matundu yenye umbo la mizizi. Wageni walisimama mbele yake wakasema tumeonyesha mikoko inavyotoweka. Walipiga picha. Tuliwaacha waseme, lakini hatukukusudia kitu, ilikuwa siki.

Fundi alikuja na sindano yake. Alipitisha kidole kwenye tundu moja, akavunja kipande, akakisaga baina ya vidole kikawa unga.

“Mumelichoma hili?”

“Moto haukulifika, ami. Ni siki.”

“Siki!” Alicheka mpaka akakaa chini.

Alishona viraka kwa nyuma, kwa maradufu yaliyobaki, yasiyotiwa rangi, siku mbili ameinamia sakafu. Kazi ilipokwisha alilipima tanga kwa mikono yake na kututoza kwa pima, bei ile ile ya tanga la kwenda baharini.