Jinsi nilivyoondoa mistari ya mlalo kwenye video ya shindano

Video yangu ya muziki, niliyoiunganisha kwa vipande vya katuni za Kijapani kutoka DVD za Marekani, ilionekana safi kwenye kompyuta, lakini ilipojaribiwa kwa projekta, kila mhusika aliyekimbia alikuwa na kingo zilizochanika kama meno ya kitana. Mbele ya ukumbi mzima, kasoro hiyo haifichiki.

Chanzo chake ni kwamba katuni nyingi hutengenezwa kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, ilhali DVD za NTSC, mfumo wa televisheni uliotumika Marekani, huchezwa kwa fremu 29.97, kila moja ikiwa na nusu mbili za mistari ya mlalo zinazopishana. Ili kuziba pengo, baadhi ya nusu hizo hurudiwa, hivyo katika kila fremu tano, mbili huchanganya picha za nyakati tofauti. Wengi huzitia ukungu fremu hizo. Mimi siiungi mkono njia hiyo, kwa kuwa hufifisha mistari ya mchoro, ambayo ndiyo uzuri wenyewe. Nilitumia programu ya AviSynth kuzioanisha upya nusu zile na kuondoa fremu moja iliyojirudia katika kila tano, nikarudi kwenye fremu 23.976, yaani karibu zile 24 za awali.

Kazi hii hufanywa kwenye vyanzo, si kwenye video iliyokamilika, kwani ukishakata vipande mpangilio wa marudio huvunjika. Kwa hiyo nilisafisha vyanzo vyote, nikavibadilisha ndani ya mradi, kisha nikasimamisha picha katikati ya mbio: ukingo wa mkono ulikuwa mstari mmoja mzima. Ndipo nilipowasilisha faili kwa waandaaji.